Mgeni wa Mlango wa Kulia

Nimefika umri ambao mtu huenda mazishini na jozi mbili za viatu, moja ya njiani na nyingine ya kaburini, kwa maana udongo mwekundu wa juu ya Embu, kule mashamba ya chai yanakopakana na msitu, haumwachii mtu heshima yake mvua inaponyesha. Tulimzika Njeru katika udongo huo mwezi uliopita. Alikuwa rubani maisha yake yote ya kazi, akastaafu salama, akafa kitandani kwa maradhi ya moyo, na mchungaji akalitumia jambo hilo katika mahubiri yake: kwamba mtu aliyeishi angani Mungu alimjalia kufia ardhini. Waombolezaji wakaguna kwa kuridhika. Mimi sikuguna. Nimefundisha fasihi na maadili kwa muda mrefu mno kuweza kuifurahia sentensi kwa sababu tu imepinda vizuri. Tena nilijua habari moja ya marehemu ambayo mchungaji hakuijua, na ambayo mkewe, kama nilivyokuja kutambua alasiri hiyo, aliijua nusu yake tu. Mkewe alijua kwamba Njeru hakuwahi, hata siku moja ya ndoa yao, kumwitikia mtu aliyebisha mlango. Mimi nilijua sababu.

Nilikotoka na jinsi nilivyolelewa si sehemu ya habari hii. Yatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni, msichana mwenye vitabu vingi kichwani na kazi isiyohusiana na hata kimoja. Ofisi fulani ya utafiti ilitaka picha za barafu ya Mlima Kenya zilizopigwa kutoka juu, kwa kuwa barafu hiyo ilikuwa ikipungua na watu wenye busara walitaka kuiona kabla haijaisha. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma katika ndege ndogo ya injini mbili, kando ya kamera kubwa iliyofungwa juu ya tundu sakafuni, kubonyeza na kubadilisha filamu. Mbele waliketi wawili. Kushoto alikaa Kapteni Mutwiri, mtu wa Kanyakine kule Meru, mpole, mwenye shingo nene na sauti ndogo. Kulia, kando ya mlango wa pekee wa ndege ile, alikaa Njeru, kijana wa Embu aliyekuwa amepata leseni yake juzijuzi. Sharti lake lilijulikana kwetu sote: mvua za mwaka zikimalizika, Kapteni angeamua kama Njeru anafaa kurusha ndege peke yake karibu na mlima, au arudi kwao akachume chai. Hakuwa na njia ya tatu. Shamba la kwao lilikuwa limeshagawanywa kwa kaka zake, na baba yake alikuwa ameuza sehemu ya Njeru ili asome urubani.

Tulipanga kwa Mama Zubeda, mtaa wa Dallas mjini Embu. Alikuwa mjane wa mchinjaji, Mwislamu wa mji aliyezaliwa papo hapo, na bucha ya marehemu mumewe ilikuwa ikiendeshwa na mkwewe. Nyumba ilikuwa na sebule ndefu yenye viti vilivyovalishwa vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani iliyokuwa mbele ya saa zote za Embu, na mlango wa mbele uliokuwa ukibishwa mchana kutwa: mara wateja wa nyama, mara jirani mwenye kuomba chumvi, mara mtoto aliyetumwa asijue ametumwa nini. Chakula kilikuja kwa sinia. Siku za kawaida matumbo na chapati, Ijumaa pilau, na Kapteni aliporudi kutoka kwao, nduma zilizochemshwa ambazo Mama Zubeda alizitazama kwa huruma. Nakumbuka vizuri zaidi mazungumzo ya mezani, kwa sababu Kapteni hakuwahi kumwacha Njeru amalize sahani bila maswali.

"Ukiona barafu imeshika bawa, unafanya nini?"

"Naondoka hapo, Kapteni."

"Unaenda wapi?"

"Nilikotoka. Ama chini, kwenye joto."

"Na kama chini ni mlima?"

"Naupa mlima mgongo kwanza."

"Unageuka namna gani?"

"Polepole. Kama mtu amebeba kibuyu cha uji kimejaa mpaka mdomoni."

"Kapteni, hebu wacha mtoto wa watu ameze," Mama Zubeda alisema. "Hapa Embu barafu iko wapi? Mimi ya kujua ni ile ya friji ya bucha."

"Ni hiyo hiyo, Mama Zubeda. Tofauti ni kwamba yako hukaa pale ulipoiweka." Kisha akamgeukia Njeru tena. "Sasa ile ndege yetu ndogo, ya injini moja. Barafu inaingia wapi?"

"Kwa kabureta. Kooni mwa injini. Hata siku ya joto, bora hewa iwe na unyevu."

"Unajuaje?"

"Nguvu inapungua kidogo kidogo. Hakuna kelele."

"Ukivuta wenzo wa joto, injini inafanya nini?"

"Inakohoa. Inakuwa mbaya kuliko mwanzo."

"Nawe?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Imeze maji ya ile barafu iliyoyeyuka."

"Hapo ndipo watu hufia," Kapteni akasema, akimega chapati. "Dawa ikianza kuuma wanairudisha kwa chupa."

Katika miaka yangu ya kusoma sijakutana na fundisho la maadili lililo fupi na kamili kuliko hilo, na lilitolewa juu ya sinia la matumbo.

Njeru wa siku hizo alikuwa mtu wa furaha nyingi. Hodi ya mlangoni haikupata nafasi ya kumalizika kabla yeye hajapaza sauti, "Karibu! Karibu ndani!" hata kama yuko bafuni na sabuni machoni. Mama Zubeda alimcheka. "Wewe utakaribisha mpaka mwizi, umwekee na kiti." Njeru naye alitusimulia kwamba nyanya yake, huko juu msituni, aliwakataza kuitika mwito wa kwanza jua linapotua. Mtu wa kweli, alisema yule bibi, akikutaka ataita tena. Wasio watu huita mara moja tu, na ukiitika umewafungulia. Njeru alisimulia hayo kwa kejeli ya kijana aliyekwenda shule, nami nilicheka naye. Sikuwa na subira na mambo ya mizimu wakati ule. Sina hata sasa. Naomba msomaji alikumbuke hilo ninapoendelea.

Barafu ya mlima, ukiiangalia kutoka juu, haifanani na kitu kilicho hai. Asubuhi za mwanzo tulipanda kabla mawingu hayajaamka, mirija ya oksijeni puani na visikizi masikioni, tukapita juu ya vilele vyeusi, na chini yake niliiona imelala katika mabonde ya mawe, ya kijivu, imechanika kingo, kama shuka lililosahauliwa juu ya kitanda cha maiti. Kimya chake kilinitia wasiwasi ambao sikuwaambia wenzangu. Wazee wa pande zetu hawakuwa wakiutazama mlima huo kwa mazoea. Walisimama, wakauelekea, wakanyamaza. Sisi tulikuwa tukiupiga picha utosini.

Siku ninayoizungumzia filamu ilikwama, nikachelewa kuikwamua, na jua likapata muda wa kuyapandisha mawingu kutoka misitu ya Chuka na Meru. Palibaki mstari mmoja wa picha. Kapteni aliyatazama mawingu, akaitazama kazi iliyobaki, akasema, "Tumalizie huu, tushuke." Nimewaza sana juu ya sentensi hiyo. Mwovu haangamizwi nayo, kwa kuwa mwovu hajali kazi kuisha. Ni mtego wa watu wema, wenye bidii, wanaoona haya kuacha kitu nusu. Tulikuwa katikati ya mstari wingu lilipotufunika, si kwa kuja kutoka upande wowote, bali kama blanketi linalovutwa usoni mwa mtu.

Weupe ule haukuwa na juu wala chini. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kioo cha mbele kikipoteza uwazi wake kutoka pembeni kuelekea katikati. Kisha ukingo wa bawa, uliokuwa bluu, ukawa mweupe, ukaota ukoko mkavu wenye meno meno, kama uji ulioachwa ukagandia sufuriani. Waya wa redio uliokaa juu ya paa ukavaa barafu nao, ukaanza kutikisika katika upepo na kuvuma: sauti nene, ya kupanda na kushuka, kama mwanamke anayeimba amefunga mdomo. Kapteni alibonyeza swichi ya kupasha moto mrija mdogo unaopima mwendo wa ndege, lakini barafu ilikuwa imemtangulia. Nikiwa nyuma niliona sindano ya kipima-mwendo ikilegea, ikishuka, ikilala kwenye sifuri. Injini zote mbili zilikuwa zikinguruma. Kwa mujibu wa chombo kile, hata hivyo, hatukuwa tunakwenda popote. Tulikuwa tumesimama, hewani, juu ya mlima, ndani ya weupe, na waya ule ulikuwa ukituimbia.

"Inadanganya," sauti ndogo ya Kapteni ilisema masikioni mwetu. "Mrija umeziba. Pua ya ndege iko sawa, nguvu iko sawa, basi mwendo uko sawa. Njeru, niangalizie uelekeo. Tunaupa mlima mgongo."

Akaanza kugeuza kuelekea mashariki, polepole, kibuyu cha uji kichwani. Hapo ndipo mlango ulipobishwa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Sijui namna nyingine ya kuieleza. Yalikuwa mapigo ya vifundo vya vidole, makavu, yenye nafasi ya adabu katikati, upande wa nje wa mlango wa kulia. Leo najua, kama nilivyoelezwa siku hiyo hiyo, kwamba propela hushika barafu, kisha huimega na kuirusha, na vipande hivyo hupiga ubavu wa ndege. Lakini Njeru hakupata muda wa kueleza wala kuelezwa. Alikuwa ameketi karibu na mlango, mlango ukabishwa, na mdomo wake ukafanya kile ambacho midomo ya watu wetu imefundishwa kufanya tangu kabla ya kuota meno.

"Karibu," alisema.

Ilifika masikioni mwetu wazi kabisa, yenye uchangamfu ule ule wa Dallas. Kubisha kukakoma. Halikurudi hata pigo moja. Na papo hapo ndege ikawa nzito. Ilizama kidogo upande wa kulia, kama gari linapopandwa na mtu wa nne. Nilimwona Njeru akigeuza kichwa, si kuangalia nje mlangoni, bali kuangalia nyuma, penye kiti kitupu kilichokuwa kando yangu.

"Macho mbele," Kapteni alisema. "Ni barafu ya propela. Haina jina, na haikutafuti wewe. Uelekeo?"

Njeru alikuwa bado amegeuka nyuma.

"Njeru. Uelekeo."

"Mashariki, Kapteni."

"Asante. Sasa tunashuka."

Tulishuka ndani ya weupe kuelekea mahali ambapo, kwa hesabu ya Kapteni, mlima ulikuwa umekwisha. Hakuvuta kitu kwa nguvu, hakuinua pua ingawa ndege ilitaka kuinuliwa, hakuigusa ile mibao ya nyuma ya bawa inayoshushwa ndege ikitua, kwa sababu bawa lenye barafu si bawa unalolijua tena, na hujui litalipokeaje ombi lako. Kisha matone ya kwanza yakatambaa kwenye kioo. Ukoko wa bawani ukapasuka kwa mlio wa sahani, bamba moja likang'oka na kupotea nyuma. Wingu likachanika, na chini yetu nikaona mabati, migomba, na kanisa la Kanyakine likiwa limeloa mvua kama kila siku, na mtu akipita na punda barabarani asijue lolote. Sindano ya mwendo ikainuka kutoka sifuri, kana kwamba ilikuwa imelala tu. Tukapita mashariki ya mlima hadi Embu, tukatua kwa kasi kubwa, mibao haijashushwa, hadi mwisho kabisa wa uwanja.

Jambo lililoniogofya kuliko yote lilitukia ardhini. Jua lilikuwa likiwaka. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka bawani juu ya majani, na mlinzi wa uwanja alipokuja alisema, "Mmeosha ndege huko juu?" Tulipomaliza kushusha kamera, hata maji yalikuwa yamekauka. Kitu kilichokaribia kutuua kilikuwa kimeondoka bila kuacha hata alama ya kidole. Chini ya mlango wa kulia tu palibaki kidimbwi kidogo kivulini. Njeru alichuchumaa akakitia kidole, akakitazama kidole.

Tangu siku hiyo hakuitikia hodi tena. Watu walibisha kwa Mama Zubeda kama kawaida, naye alikaa kitini, mikono magotini, akiangalia upande wa kulia wa chumba. Chakula alikila nusu. Angani alifanya kila kitu sawasawa, lakini mara kwa mara, hata katika anga tupu, kichwa chake kiligeuka kulia, na Kapteni aliliona hilo na kulinyamazia. Jioni moja, jua halijazama, niliwasikia uani. Kapteni alisema, kwa upole wake wote, "Siwezi kumpa ndege mtu anayesikiliza kitu ambacho mimi sikisikii. Mvua zinaisha, Njeru." Njeru akajibu, "Najua, Kapteni." Basi.

Mama Zubeda ndiye aliyemkabili. Sote tulikuwa mezani. Mlango ulibishwa, tukamwachia Njeru aitike kama zamani, akanyamaza, mteja akachoka akaenda zake.

"Wewe Njeru, huo mlango umekukosea nini? Yule alikuwa ananunua maini."

Njeru akamwambia. Alimweleza yote, mbele yetu, bila aibu: waya ulioimba, kubishwa, neno lililomtoka, na ule uzito. "Nyanya alinikataza," alimalizia. "Nimekaribisha mtu ambaye si mtu, Mama. Na hajatoka. Bado anabisha, hata sasa, saa zingine. Nikiitika mwingine nitamwongezea mwenzake."

Nilifungua mdomo nitoe hotuba yangu juu ya upungufu wa oksijeni na udhaifu wa akili. Mama Zubeda alininyamazisha kwa mkono uliokuwa na kijiko.

"Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa arudi," alisema. "Huyo wako alipiga ngapi?"

"Tatu."

"Basi ana adabu. Wewe ukamkaribisha. Ameingia kwa ruhusa, hutamtoa kwa kununa. Sasa kwani hujui mgeni anafanywa nini? Siku mbili unamlisha. Ya tatu unampa jembe." Akampakulia Njeru mchuzi bila kuuliza. "Huyo amekaa kwako mwezi mzima anakula bure. Mpe kazi! Akibisha, mwambie: vizuri, umeamka, enda uangalie shamba. Hizo saa zako zote za sindano, za mbele ya ndege, si ndizo shamba? Kila akibisha, nyinyi wawili mzipitie moja moja. Akichoka kulima, ataondoka mwenyewe. Asipochoka, umepata mfanyakazi."

Kapteni alicheka mpaka akafuta macho. Njeru hakucheka. Alikuwa akiangalia upande wa kulia wa meza kwa uso wa mtu anayempima kibarua.

Mtihani wake ulikuja siku ya ukungu mwepesi na joto, mvua zikielekea kwisha. Tulikuwa katika ile ndege ndogo ya injini moja, yeye na mimi peke yetu, tukienda kupiga picha za ukingo wa msitu upande wa Tigania. Kapteni alibaki chini kwa makusudi. Hewa ilikuwa laini, imejaa maji, yenye harufu ya majani. Tulipita juu ya Kianjai. Ilikuwa siku ya soko, nikaona miavuli na vilima vya viazi, na ng'ombe waliofungwa mstari mmoja. Hakuna aliyeweza kufikiria barafu. Nilikuwa na jasho mgongoni.

Njeru akageuza kichwa kulia.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu," nikasema, na ni kweli. Injini ilikuwa ikinguruma vilevile. Halafu Njeru, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mfanyakazi, akasema, "Haya. Twende shambani." Na macho yake yakaanza kupita saa za mbele moja baada ya nyingine, kidole kikigusa kila kioo. Kwenye ile ya mzunguko wa injini kidole kilisimama. Sindano ilikuwa chini ya mahali pake, kwa upana usiozidi ukucha. Akauvuta wenzo wa joto.

Injini ikakohoa. Nilikuwa nimelisikia somo hilo mara nyingi juu ya matumbo na chapati, lakini kusikia mezani ni jambo moja. Ilikohoa kama mtu mwenye mfupa kooni, ndege nzima ikatetemeka, pua ikalegea, na soko la Kianjai likaanza kupanda kutujia, watu wakiinua nyuso. Mkono wa Njeru ulibaki juu ya wenzo ule. Niliuona ukitamani kurudi. Kila kiungo cha mwili wake, na wangu, kilikuwa kikimwambia aurudishe, kwa kuwa dakika moja iliyopita mambo yalikuwa mazuri na sasa, kwa tendo lake mwenyewe, yalikuwa mabaya. Hakuurudisha. Alikuwa akisema kitu, taratibu, tena na tena, akitazama mbele, na ilinichukua muda kulishika neno lenyewe.

"Lima," alikuwa akisema. "Lima. Lima, mgeni. Lima."

Kisha injini ikameza. Mlio ukanyooka, nguvu ikarudi kwa kishindo, na vilima vya viazi vikaanza kuteremka tena hadi mahali pavyo.

Niliposimulia, Kapteni alinieleza sababu. Sikio la rubani, alisema, husikia injini ikipungua kabla akili yake haijajua. Likikosa jina la kile lilichokisikia, huazima jina lililo karibu. Nimeyakubali maelezo hayo na nayafundisha. Kwa Njeru alisema jambo fupi zaidi. Alimpa ufunguo wa ndege mezani, mbele ya Mama Zubeda, akauliza, "Na yule mwingine, anaendeleaje?"

"Analima, Kapteni."

"Mwache alime."

Njeru alirusha ndege kuzunguka mlima ule hadi kustaafu kwake, kupitia misimu iliyowaua marubani hodari kumzidi. Kapteni na Mama Zubeda walitutangulia zamani. Barafu tuliyoipiga picha imebaki kidogo mno; siku anga likiwa safi nasimama darasani dirishani na kuona mawe matupu pale ilipokuwa. Nimejiuliza kitu cha baridi huenda wapi kikifukuzwa kwao. Ni swali lisilomfaa mtu wa rika langu, na huwa naliacha.

Baada ya mazishi niliteremka na familia hadi Dallas, ambako Njeru alikuwa amenunua nyumba, si mbali na ile ya Mama Zubeda. Wageni walipopungua nilimkuta mjane wake, Mama Mwende, jikoni, akisugua sufuria ya pilau ingawa mabinti walikuwa wamemkataza. Nikashika kitambaa nikaanza kukausha sahani. Nikamweleza habari ya mwaka ule, yote, kama nilivyoieleza hapa. Alisikiliza bila kusimamisha mkono.

"Kwa hivyo ndiyo maana," alisema. "Mimi nilikuwa mlango wa nyumba hii, Mwalimu. Hata akiwa amekaa hapo kando, mtu akibisha ataniita mimi niko shambani nyuma nije niitikie. Nilidhani ni dharau za marubani." Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa mkono. "Ile siku ya mwisho alikuwa amelala. Mchana, jua kali. Akafungua macho, akageukia mlango. Kitanda tulikuwa tumekiweka hivi, mlango uko kulia kwake. Akasema, 'Karibu.' Hivyo tu. Lakini vizuri, Mwalimu! Kama kijana. Sijawahi kusikia hiyo sauti."

"Mlango ulibishwa?"

"Sikusikia kitu. Nikainuka nikaufungua. Hakukuwa na mtu. Ni maji kidogo tu hapo kizingitini, nikasema ni hawa watoto wa jirani na ndoo zao. Kurudi, alikuwa ameenda."

Nimewauliza wanafunzi maswali magumu maisha yangu yote, na sikutaka kumwacha mtu mwenye akili timamu na neno lisilo na sababu.

"Kama hukusikia hodi, Mama Mwende, ulifungua kwa nini?"

Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwa nini huwapa watoto chakula.

"Mwenye nyumba ameshamkaribisha," alisema. "Ningemwacha nje?"